Somo: Kuanza uwakala wa bima ukiwa na miaka 45 na kuendelea

Somo hili ni la mtu wa Tanzania anayetoka kwenye ajira au biashara nyingine na anafikiria kuuza bima. Ukiwa na umri huo tayari una mtaji ambao kijana hana: majina mengi kwenye simu ya watu wenye magari, nyumba na maduka. Tatizo ni jinsi wengi wanavyoutumia. Wanawapigia wote wiki ya kwanza, wanaambiwa "bado ninayo", na majina yameisha.

Hatua ya 1: Chagua upande. Wakala anaiwakilisha kampuni ya bima, dalali anamwakilisha mteja. Anza na uwakala. Udalali unadai mtaji na wataalamu. Kisha chagua bidhaa. Bima ya maisha hutoa kamisheni nono mwaka wa kwanza halafu inashuka, na mteja akiacha kulipa mapema, kampuni inaweza kukukata kamisheni uliyokwisha kuitumia. Bima ya gari kamisheni yake ni ndogo, ila sheria inamlazimisha mwenye gari kuwa nayo, hivyo mwakani anarudi. Mwenye ada za shule za kulipa aanze na magari. Bima ya maisha ifuate akishazoea.

Hatua ya 2: Akiba. Mshahara hakuna. Tenga matumizi ya nyumbani ya mwaka mzima, na kiinua mgongo usikiguse kwa ajili ya fremu, samani na mabango. Simu, daftari na printa ndogo vinatosha kuanzia. Kumbuka pia kwamba bima ya afya ya mwajiri inakoma na michango ya NSSF unaibeba mwenyewe kwa hiari.

Hatua ya 3: Cheti na leseni. Soma cheti cha umahiri wa bima, maarufu kama COP. Pata TIN ya TRA, sajili jina la biashara BRELA, tafuta kampuni itakayokupa mkataba wa uwakala, kisha omba usajili TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini. Ongea na kampuni mapema, kabla hata hujamaliza cheti, kwani bila mkataba wake hakuna uwakala. Kuuza kabla ya usajili ni kosa kisheria.

Hatua ya 4: Jua hesabu kichwani. Bima ndogo ya gari hulipa madhara ya mtu wa tatu tu, yaani mtu mwingine aliyegongwa au mali yake. Bima kubwa hulipa na gari la mteja mwenyewe. Gari binafsi la milioni 20 kwa kiwango cha 3.5% ni shilingi 700,000, halafu VAT juu yake. Sasa mteja atakwambia, "Andika milioni 10 tulipe 350,000." Usikubali, hata kama ni shemeji yako. Akigonga na matengenezo yakawa milioni 4, kampuni inaweza kusema amekatia nusu ya thamani, ikamlipa milioni 2, tena kabla ya kutoa kile kiasi ambacho mkataba unamtaka ajibebee. Lawama zote zitakuja kwako.

Hatua ya 5: Daftari la tarehe. Hii ndiyo kazi yenyewe. Andika jina, simu, namba ya gari, matumizi ya gari, thamani na tarehe bima inapoisha. Ukipiga simu ya kwanza, usiuze chochote, uliza tu, "Bima yako inaisha lini?" Watu 200 wakikupa tarehe, una wastani wa watu 16 au 17 wa kuongea nao kila mwezi. Piga siku 30 kabla, mpelekee hesabu ya bima yake siku 14 kabla, kumbusha siku 3 kabla. Ukipiga siku ambayo stika imekwisha, utakuta trafiki amekwisha kumkumbusha na ameshanunua kwingine.

Hatua ya 6: Fedha. Mteja alipe moja kwa moja kampuni. Bila ada ya bima kulipwa hakuna bima, ndivyo sheria ilivyo. Wakala aliyepokea fedha jioni "nitapeleka kesho" anajitafutia balaa, maana ajali inaweza kutokea usiku huohuo. Ukikamilisha, hakiki namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA mbele ya mteja.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 54, nataka kustaafu kwa hiari mwakani. Nianze na nini sasa?
Jibu: Marahaba. Soma COP na ukusanye tarehe tu. Ukifika 55 uwe na daftari lililojaa, ila usiuze kabla ya usajili.

Swali: Mkuu, mteja wangu wa bima ndogo kagongana, anataka kampuni imtengenezee gari lake.
Jibu: Hailipi gari lake, ulipaswa kumweleza siku ya kununua. Aliyegongwa ndiye anayehudumiwa, endapo kosa ni la mteja wako. Polisi waitwe, majeruhi wapate PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), kampuni ijulishwe mara moja. Asikiri kosa wala kuahidi malipo barabarani, na fundi asiguse chochote kabla ya mkaguzi kupita.

Swali: Kuna jirani anauza bima ndogo ya gari binafsi chini ya 100,000. Nishindane naye vipi?
Jibu: Usishindane. Hiyo 100,000 ndiyo bei kabla ya VAT. Anayeshuka hapo anatoa kamisheni yake mfukoni, au stika ni feki. Mwombe mteja namba ya gari mhakiki pamoja kwenye mfumo.

Swali: Mteja ana bima kubwa ya gari binafsi, lakini jioni anabeba abiria wa mtandaoni. Kuna shida?
Jibu: Kubwa. Matumizi ya biashara yana kiwango chake cha ada. Akipata ajali akiwa na abiria wa kulipa, kampuni ina sababu ya kukataa madai. Mbadilishie matumizi leo, alipe tofauti, na jibu lake likiwa "hapana" liweke kwa maandishi.