Kabla ya kununua televisheni ya kuchezea gemu

Anayenunua televisheni kwa ajili ya gemu huvutiwa kwanza na ukubwa wa kioo, ilhali kinachoamua raha ya mchezo ni muda unaopita tangu abonyeze kitufe cha pedi hadi mchezaji aliye kwenye kioo aitikie. Muda huo hupimwa kwa milisekunde, na unapokaribia 100 utaona kipa wako akiruka wakati mpira umeshatinga wavuni, ingawa ulibonyeza mapema. Ucheleweshaji huo hutokana zaidi na televisheni kuichakata na kuipamba picha kabla ya kuionyesha. Kwa hiyo hakikisha kwamba ina mpangilio wa michezo, ambao kwenye menyu nyingi huandikwa Game Mode, na uuwashe mwenyewe, kwani mara nyingi huja ukiwa umezimwa.

Konsoli za PlayStation 5 na Xbox Series X, zilizotoka mwaka 2020, zinaweza kutoa hadi picha 120 kwa sekunde, lakini utazifaidi tu ikiwa kioo chenyewe ni cha hezi 120, yaani kinaweza kubadilisha picha mara 120 kwa sekunde. Usiridhike na namba kubwa iliyonadiwa kwenye boksi, maana huenda kioo ni cha hezi 60. Tafuta kiwango halisi katika orodha ya sifa zake. Kagua pia matundu ya HDMI nyuma yake, yaani yale ya kuchomekea waya wa konsoli, kwa sababu aghalabu ni moja au mawili tu yanayopitisha picha kali za 4K kwa hezi 120. Mwenye PlayStation 4 hana haja ya kulipia hayo: hezi 60 zinamtosha kabisa.