Hesabu pumzi za mtoto kabla maji hayajapwa

Hapa kisiwani Pate njia ya kwenda hospitali kubwa ya King Fahd kule Lamu ni bahari. Ukiwa Siyu, mashua hupita kwenye mkondo wa mikoko maji yakijaa tu. Yakipwa, ama usubiri, ama mgonjwa apelekwe hadi Mtangawanda, penye kina cha kutosha. Ndiyo maana mimi, mhudumu wa afya mtaani, nawasihi mama wenzangu msingoje mtoto abadilike rangi. Pumzi mbaya huonekana mapema, na kuijua mapema ndiko kunakokupa nafasi ya kuwahi maji.

Kwanza tujue pumzi inavyokwenda. Mapafu yenyewe hayana nguvu ya kujivuta. Kazi hiyo ni ya kiwambo, msuli mpana ulio chini ya mbavu, unaotenganisha kifua na tumbo. Kiwambo kikishuka na mbavu zikipanuka, hewa huingia yenyewe, kama kwenye mivukuto ya sonara ikifunuliwa. Kikilegea, hewa hutoka. Hewa ile hushuka kooni, ikapita kwenye bomba la hewa hadi kwenye vifuko vidogo mno vilivyozungukwa na mishipa myembamba ya damu. Hapo oksijeni huingia kwenye damu, na kabonidioksidi hutoka. Hewa tunayovuta ina oksijeni kama asilimia 21, na tunayotoa bado ina kama asilimia 16. Kwa hiyo pumzi ya mwokozi humfaa kweli aliyezama.

Kinachotusukuma kuvuta pumzi zaidi ni kuzidi kwa kabonidioksidi mwilini, si kupungua kwa oksijeni. Hili wanangu wanaopiga mbizi kutafuta kamba na pweza walishike sana. Msiheme haraka haraka kabla ya kuzama mkidhani mnajaza kifua. Oksijeni haiongezeki kwa kiasi cha maana. Mnachofanya ni kuondoa kile kinachowapa onyo, na mtu huzimia chini ya maji bila hata kuhisi haja ya kupumua. Mmoja azame, mwenzake abaki juu akimtazama.

Sasa kuhesabu. Mpakate mtoto akiwa ametulia. Kama alikuwa akilia, mbembeleze kwanza, la sivyo hesabu itakudanganya. Mpandishe nguo hadi kwapani, mgeuze upande wa mlango penye mwangaza. Usitazame pua. Tazama pale kifua kinapokutana na tumbo, kwenye chembe cha moyo. Kila panapoinuka, hesabu moja. Hesabu dakika nzima, usihesabu nusu ukazidisha kwa mbili, maana mtoto mchanga huvuta haraka haraka, akatua kidogo, akaendelea. Simu yenye saa mpe mtu mwingine ashike, ili macho yako yasitoke kifuani.

Aliye chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Wa miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka, 50 au zaidi. Wa mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5, 40 au zaidi. Mtu mzima aliyetulia huvuta kati ya 12 na 20. Akifika 30, hali ni mbaya.

Kisha tazama mbavu za chini. Mtoto asiye mgonjwa akivuta, kifua na tumbo huinuka pamoja. Ukiona chini ya mbavu panabonyea ndani kila avutapo, hapo usingoje kesho. Vivyo hivyo akikataa ziwa, akitapika kila kitu, akipatwa na degedege, akilegea asiamke, au akitoa mlio wa kukwaruza kooni kila avutapo ilhali ametulia. Kwa ngozi zetu, weusi wa uso huficha mengi: funua mdomo, tazama ulimi na ufizi. Ukiona rangi ya kijivu au buluu, ni dharura.

Chetezo hakikosi nyumba zetu, nami udi naupenda. Lakini kwenye chumba cha mtoto anayebanwa kifua au mwenye pumu, kisiingie. Na jiko la makaa lisilale ndani mlango ukiwa umefungwa. Gesi yake ni sumu, nayo haina rangi wala harufu. Watu wa chumba kimoja wakiumwa kichwa pamoja, wakasikia kizunguzungu na kichefuchefu, watoke nje wote saa hiyo hiyo.

Mwenye pumu aketi wima, asilazwe. Avute dawa ya pampu yake ya bluu mara moja, apumue, kisha tena baada ya nusu dakika hadi dakika moja, mpaka mara 10. Asipopata nafuu, au akishindwa kumaliza sentensi, ondokeni. Na mlio wa filimbi kifuani ukinyamaza huku bado anahangaika, hewa haipiti tena, msidhani amepona.

Aliyepaliwa na bado anakohoa, mwache akohoe. Asiyeweza kukohoa wala kusema, mpige kwa kiganja katikati ya mabega mara 5, kisha mkumbatie kwa nyuma umbonyeze juu ya kitovu kwa ndani na juu mara 5, ukirudia hivyo hivyo kwa zamu. Mtoto chini ya mwaka usimbonyeze tumbo kamwe: mlaze kifudifudi mkononi kichwa kikiwa chini, umpige mgongoni mara 5, kisha mgeuze umbonyeze katikati ya kifua kwa kitako cha kiganja kimoja mara 5. Usiingize kidole kooni kutafuta mwiba usiouona.

Aliyezama asiyepumua, msimkamue tumbo wala kumning'iniza. Mpe pumzi mdomo kwa mdomo kwanza, kisha mbonyeze kifua mara 30 kwa pumzi 2. Kukoroma kwa mara moja moja si kupumua, endelea.

Ukipiga simu, 999, 112 au 1199 ya Msalaba Mwekundu, anza na hesabu: umri wa mtoto, pumzi ngapi kwa dakika, mbavu zinabonyea au la, ananyonya au la. Kwenye boti ya kwenda Lamu mpakate wima, leso ifunike miguu na mgongo, kifua kionekane. Hesabu tena njiani na uandike saa kwenye simu, kwa kuwa daktari pale King Fahd atakuuliza kama pumzi zimeongezeka tangu mlipoondoka.