Jinsi ya kupanga oda nyingi za siku moja kwa ramani ya simu (Dar, kwa pikipiki)

Wiki iliyopita nilikaa na dogo mmoja wa kijiweni kwetu Kariakoo, ameanza juzi kupeleka mizigo ya wauza nguo wa mtandaoni. Ana oda kumi na saba. Anaingiza moja kwenye ramani, anapeleka, anasimama juani kuingiza nyingine. Mwenge alipita mara tatu siku hiyo hiyo. Nilichomwonyesha ni hiki.

Hatua ya 1: Pata lokesheni ya kweli

Hapa ndipo siku huharibikia, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Mteja akikuandikia "Mbezi, nyuma ya kanisa", usipakie kitu. Uliza ni Mbezi ipi. Mbezi Beach iko Barabara ya Bagamoyo, Mbezi Mwisho iko Barabara ya Morogoro, na katikati kuna Goba yote na vilima vyake. Ukishajua, mwombe lokesheni ya WhatsApp. Mimi nina ujumbe nimeuhifadhi, nanakili tu: "Habari dada/kaka, naomba utoke nje, usimame getini, usubiri kidogo, kisha unitumie lokesheni ya hapo. Isiwe laivu. Je, hapo ndipo nilete mzigo?"

Kila neno hapo nimelilipia. Simu ikiona anga wazi inakosea kama mita tano tu. Chini ya bati au ndani ya ghorofa haizipati satelaiti vizuri, inaanza kubahatisha kwa minara na Wi-Fi, pini (ile alama ya mahali kwenye ramani) inaangukia mtaa wa pili. WhatsApp humwonyesha anayetuma usahihi ni wa mita ngapi. Ikisoma zaidi ya 20, asubiri ishuke. Laivu siitaki kabisa, kwa sababu hufa muda ukiisha, na mteja akienda kula chakula cha mchana pini inamfuata kwa mama ntilie. Swali la mwisho ni kwa ajili ya wale wanaotuma wakiwa ofisini Posta huku mzigo wanautaka nyumbani Tabata. Ni wengi kuliko unavyodhani.

Pini ikija, usiiamini bado. Ifungue kwenye Google Maps, geuza ramani iwe picha ya satelaiti, ivute karibu. Nilikuwa sifanyi hivi. Siku moja nimebeba keki upande wa Goba, programu ikaniambia nimefika. Kweli, mteja nilimwona kwa macho, mama kasimama getini kwake ananipungia kanga. Ila kati yetu kulikuwa na korongo lenye migomba, hakuna daraja wala kivuko. Kuzunguka kulinichukua dakika arobaini za vumbi, na keki ilifika imelalia upande mmoja. Kwenye picha ya satelaiti lile korongo linaonekana wazi kabisa, mstari wa kijani kibichi katikati ya mabati. Kwa hiyo angalia: geti limetazama barabara ipi, na hiyo barabara inaungana na lami wapi? Pini ikiwa imekaa vibaya, bonyeza kwa muda mrefu mahali sahihi, hifadhi mpya kwa jina la mteja na tarakimu tatu za mwisho za simu yake. Kumbuka picha huwa za zamani kidogo. Ukuta uliojengwa mwaka huu hutauona.

Kwa vichochoro vya Tandale, Manzese na Buguruni mimi natumia programu ya Organic Maps. Inachota ramani ya OpenStreetMap, ramani ya bure inayochorwa na watu wenyewe, na Dar ilichorwa mtaa kwa mtaa na vijana wa mradi wa Ramani Huria kuanzia 2015. Unapakua mara moja, hailambi bando. Haina habari za foleni, lakini ndani ya kichochoro foleni ya nini?

Hatua ya 2: Gawa kwa barabara kuu

Dar ni kama kiganja, na vidole ni barabara za Bagamoyo, Morogoro, Nyerere na Kilwa. Maliza kidole kimoja ndipo uende kingine. Kurukaruka kidole hadi kidole kwa Barabara ya Mandela au ya Sam Nujoma kunakula mafuta. Asubuhi foleni inaingia mjini, wewe unatoka, kwa hiyo nenda mbali mapema.

Wakati wa kwenda toa mizigo ya upande wa kushoto tu. Ya upande wa pili itoe ukirudi. Barabara ya Morogoro ina njia ya mwendokasi katikati, huwezi kukata popote unapotaka, na ukiingia kwenye njia hiyo na pikipiki unajitafutia faini. Mvua ikinyesha sana, hakikisha kwanza kama Jangwani, bondeni kwenye barabara hiyo hiyo, kunapitika.

Hatua ya 3: Ingiza vituo

Google Maps inapokea vituo tisa kwa safari. Haikupangii ufuatano, unaburuta mwenyewe juu na chini. Nikiwa na kumi na saba nafanya safari mbili. Zipo programu za kulipia zinazopanga zenyewe, na kwa hesabu zinakushinda, maana vituo kumi tu vina mifuatano 3,628,800. Ila hazijui kwamba dada wa Sinza hapokei simu kabla ya saa sita, wala kwamba mzee wa Kimara lazima akukaribishe chai. Mimi nimeshaacha kuzilipia.

Hatua ya 4: Pakia boksi kinyume

Wa mwisho anaingia kwanza. Andika namba ya kituo kwa maka peni.

Hatua ya 5: Barabarani

Spika moja sikioni, simu kwenye kishikio, chaja ya pikipiki iwe inafanya kazi. Mpigie mteja ukiwa kituo kimoja kabla yake, apate muda wa kumtafuta bosi mwenye hela.

Jioni, kabla hujalala, rekebisha pini zote zilizokudanganya siku hiyo. Dogo nilimwachia za kwangu za Goba, ila ya yule mama wa keki nimeifuta. Siku hizi anatuma mwenyewe, na anaandika chini yake "upande wa huku".