SOMO: Shiatsu juu ya kitanda. Someni kabla ya kunitumia ujumbe

Wakuu, shiatsu, yaani masaji ya Kijapani ya kubonyeza mwili, nimechoka kujibu "si hufanywa chini?" Ndiyo, Wajapani huifanya chini, kwenye godoro jembamba. Lakini mteja wangu wa Sinza mwenye goti bovu akishuka chini, nani atamwinua?

1. Mteja abaki na nguo nyepesi. Hakuna mafuta.

2. Muulize kuhusu mimba na presha. Mjamzito usimbonyeze kati ya kidole gumba na cha shahada, wala juu ya kifundo cha mguu upande wa ndani.

3. KIMO CHA KITANDA. Hapa nililia. Fundi wa Keko nilimpa vipimo vya kitanda cha masaji ya mafuta, kikanifika kiunoni. Shiatsu humsukumi mtu, unamwegemea. Kitanda kikiwa juu, uzito wako hauna pa kushukia, unabaki kuminya kwa nguvu za mikono. Miezi miwili tu, kidole gumba cha kulia kikagoma hata kufungua chupa ya maji. Nikarudi Keko kukata miguu ya kitanda. Simama wima, kunja ngumi: kitanda kiwe chini ya ngumi, karibu na katikati ya paja. Kata kidogo kidogo, mbao haioti tena! Na kibebe watu wawili, maana kuna wakati utapanda na goti.

4. Egemea taratibu mteja anapotoa pumzi, sekunde 3 hadi 5. Pembeni ya uti wa mgongo, SI juu ya mfupa.

MASWALI

— Mkuu, mafuta ya nazi au ya mzeituni?
— Namba 1.

— Sijakuelewa, kwani bila mafuta ni masaji kweli?
— Hukusoma. Shi ni kidole, atsu ni mgandamizo. Mafuta yako wapi hapo?

— Bi mkubwa ana mguu mmoja umevimba, una joto. Nianzie wapi?
— Usiuguse! Mpeleke hospitali leo hii. Ikiwa ni damu iliyoganda, kuminya kunaweza kuing'oa ikapanda mapafuni.

— Kaka, mimi nina kilo 48, mteja ana 100. Nitamwegemeaje?
— Swali zuri, dada. Rudi hatua moja nyuma, mguu mmoja mbele, nyonga ndiyo itangulie, mikono ifuate tu. Mapajani tumia mkono kuanzia kiwiko, achana na vidole. Utashangaa, wembamba wengi wanabonyeza vizuri kuliko sisi wa mabega.

— Joto la Februari je? Mteja wangu analowesha kitanda.
— Tandika kanga, na uwe na ya pili ya kubadilisha akigeuka.
— Naongezea: feni ielekee miguuni, ikimpiga mgongoni anakaza misuli.
— Hiyo sikuijua. Asante mkuu.