Kabla Hujafunga Swichi za Taa Zinazoendeshwa kwa Simu

Kabla hujatoa hata shilingi moja dukani, zima mein swichi, fungua swichi moja ya ukutani na utazame nyaya zilizomo. Watu wengi huanzia upande wa pili: hununua swichi sita au nane kwa sababu ya picha nzuri iliyo kwenye boksi, kisha humwita fundi na kumtaka azifunge siku hiyo hiyo. Nami nilifanya vivyo hivyo katika nyumba ya mama yangu, Kiboriloni, Moshi, na yaliyotupata ndiyo yanayonifanya niandike kwa ukali kidogo.

Swichi ya kawaida ina kazi moja tu, kukata na kuunganisha waya wa moto, yaani ule unaoleta umeme. Kwa hiyo katika nyumba zetu nyingi fundi hupeleka moto na nyutro, waya unaourudisha umeme, juu darini, kwenye silingi rozi, kile kifuniko ambacho taa huning'inia, halafu huteremsha nyaya mbili tu hadi kwenye boksi la swichi: mmoja unashusha moto, na wa pili unaurudisha juu kwenye taa pale swichi inapowashwa. Nyutro hubaki darini. Swichi ya waifai, ile inayoendeshwa kwa simu, ni kitu kingine kabisa. Ndani yake mna redio ndogo, na redio hiyo lazima ipate umeme saa zote hata taa ikiwa imezimwa, ndiyo maana nyingi zina tundu lenye herufi N linalodai nyutro.

Rangi isikudanganye. Ukikuta waya mwekundu na mweusi ndani ya boksi, au wa kahawia na wa bluu katika nyumba mpya, usiseme mara moja kwamba mweusi au bluu ni nyutro, kwa kuwa mara nyingi ndio ule unaorudisha moto kwenye taa. Mita ya kupimia volti nayo inaweza kukupotosha usipoielewa. Ukipima kati ya moto na waya huo wakati taa imezimwa, mita husoma takriban volti 230, kwa sababu waya huo unaifikia nyutro kupitia taa yenyewe. Washa swichi upime tena: usomaji ukitoweka, huo si nyutro. Waya wa ardhi, ule wa usalama unaounganisha vyuma vya nyumba na udongo, husoma volti zile zile kama nyutro, taa iwe imewashwa au imezimwa, na hapo mita pekee haitoshi. Lazima fundi aufuate waya hadi unakotoka. Kazi hii ya kupima umeme ukiwa umewashwa ni ya fundi, si yako.

Sasa nieleze yaliyotokea. Mama anaumwa magoti, na kila usiku alikuwa akiinuka kwenda kuzima taa ya varanda na ya geti. Nilinunua swichi sita Arusha ninakofanya kazi, nikampata fundi kijana aliyesifiwa kwa wepesi wake, tukaenda naye Moshi Jumamosi moja. Alipofungua boksi la kwanza hakukuta nyutro. Alikuta nyaya mbili za swichi na waya wa ardhi uliofungwa kwenye boksi la chuma. Akaufungua ule wa ardhi, akauingiza kwenye tundu la N, na swichi ikawaka. Aliniambia kwamba ardhi na nyutro ni kitu kimoja, vinakutana huko mbele. Nilimwamini, kwa kuwa taa ilikuwa imewaka mbele ya macho yangu na mama alikuwa akifurahi kuizima akiwa kitini.

Baada ya siku chache breka inayokata umeme unapovuja, ile ambayo mafundi wengi huiita ELCB, ilianza kujikata nyakati za usiku. Kifaa hicho hulinganisha umeme unaoingia kwa moto na unaorudi kwa nyutro. Tofauti ikifikia kiasi kilichopangwa, ambacho katika nyumba za kuishi kwa kawaida ni miliampia 30, hukata. Swichi zetu sita zilikuwa zinaurudisha umeme wao kwa njia ya ardhi, na kila moja ilikuwa inaongeza kidogo katika tofauti hiyo. Breka ilikuwa inatuambia ukweli. Fundi aliporudi alisema imechoka, akaiondoa kwenye njia, akaunganisha moja kwa moja.

Miezi miwili baadaye kijana mmoja alichimba mashimo ya kupanda migomba kando ya ukuta, na jembe lake likaukata waya unaokwenda kwenye fimbo ya ardhi, chuma kilichopigiliwa udongoni, bila yeye kujua. Jioni hiyo swichi zote zilipotea kwenye simu yangu. Nikadhani ni intaneti. Nilimpigia mama na kumwelekeza azime ruta na kuiwasha tena, naye akapita jikoni akiwa peku, sakafu ikiwa imetoka kupigwa deki, akashika mlango wa friji. Umeme uliokuwa ukiingia kupitia swichi ulikuwa umekosa pa kwenda, ukabaki kwenye kila chuma cha nyumba hiyo kilichofungwa waya wa ardhi. Alirushwa nyuma, akaangukia ukingo wa meza na kuvunjika kifundo cha mkono. Maneno aliyoniambia kwenye simu bado ninayasikia: "Mwanangu, friji limenipiga shoti, na sasa naogopa kugusa hata pasi."

Niliendesha gari kilomita 80 usiku ule huku jirani akiwa amekwisha kuzima mein swichi. Fundi mzee aliyekuja asubuhi alipima kati ya mwili wa friji na udongo wa nje, akapata zaidi ya volti 100. Hakunigombeza. Alinionyesha tundu la N, akanionyesha waya wa ardhi, wa kijani na njano, ulioingizwa humo, akanyamaza.

Kwa hiyo nasema bila kuzunguka: waya wa ardhi haufanywi nyutro, hata kwa siku moja, hata kama taa inawaka vizuri. Fundi akikupendekezea jambo hilo, msimamishe, umlipe nauli yake na umtafute mwingine mwenye leseni ya kufunga mifumo ya umeme kutoka EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Vilevile mtu yeyote asiiondoe breka ya kuvuja umeme kwa kisingizio kwamba inasumbua. Inasumbua kwa sababu kuna kitu kibaya.

Zipo njia halali za kutatua tatizo la nyutro, na uzijue kabla ya kununua. Ya kwanza ni kuvuta waya mpya wa nyutro wa milimita za mraba 1.5 kutoka silingi rozi hadi kwenye boksi; inawezekana pale mabomba ya ukutani yana nafasi, na ndiyo tuliyoitumia kwa mama. Nyutro hiyo itoke katika sakiti ile ile ya taa, isiazimwe kutoka soketi ya jirani. Ya pili ni kuacha ukuta kama ulivyo na kuweka kifaa kidogo cha kupokea mawimbi darini, mahali ambapo moto na nyutro vipo tayari. Kuna aina ambayo kitufe chake cha ukutani hakina waya wala betri. Nguvu ya kidole chako ukikibonyeza ndiyo inayozalisha umeme wa kutuma ishara. Kwa nyumba za zamani zenye kuta za mawe ningechagua hiyo. Ya tatu ni swichi zisizohitaji nyutro, ambazo hunyonya umeme kidogo kupitia taa yenyewe. Hizo zina kasoro yake: taa ndogo za LED za wati tatu au tano huweza kumemeteka au kubaki na mwanga hafifu usiku kucha, na dawa yake ni kapasita inayokuja ndani ya boksi, ambayo hufungwa kwenye taa, si kwenye swichi.

Yaliyobaki ni mepesi kidogo, lakini usiyaruke.

Pima boksi la ukutani. Yetu mengi ni ya mraba kwa mtindo wa Uingereza, na swichi ya waifai ni nene kuliko ya kawaida, hivyo boksi lenye kina cha milimita 16 halitaimeza pamoja na nyaya zake. Swichi iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani huwa ya mstatili na haitakaa. Tena soma maandishi yake, kwa sababu nyingine zimetengenezwa kwa volti 120 pekee na zitaungua mara moja.

Soma ampia. Swichi ya ampia 10 kwa volti 230 hubeba wati 2,300 za mzigo mwepesi kama balbu za zamani, na kwa taa nyingi za LED mtengenezaji huandika kiasi kidogo zaidi, kwa kuwa huvuta umeme mwingi kwa kishindo zinapowashwa. Arusha kukiwa na baridi mwezi wa Julai, kila mtu hutamani kuwasha hita ya bafuni akiwa bado kitandani. Usithubutu kuifunga kwenye swichi ya taa. Hita ya wati 5,500 huvuta karibu ampia 24.

Taa ya ngazi au ya korido inayowashwa kutoka sehemu mbili hufungwa kwa namna yake, na inahitaji swichi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Swichi nyingi za bei nafuu hushika mawimbi ya gigahezi 2.4 tu, kwa hiyo hakikisha ruta yako inayatoa. Mawimbi hayo hudhoofika yakipita katika kuta nene na maboksi ya chuma. Nenda na simu hadi getini uone kama waifai inafika huko kabla ya kuagiza swichi ya taa ya geti. Ukibadilisha jina au neno la siri la waifai, utalazimika kuunganisha swichi zote upya.

Akaunti ifunguliwe kwa simu yako na barua pepe yako, si ya fundi. Fundi aliyesajili swichi kwa simu yake anaweza kuzima na kuwasha taa zako akiwa popote, na kujua ni saa ngapi nyumba iko giza.

Chagua swichi inayobonyezwa kwa mkono hata intaneti ikiwa haipo. Mgeni, dada wa kazi na mtoto hawapaswi kuomba simu ya mtu ili wapate mwanga wa chooni. Halafu ingia kwenye mipangilio uone taa zitafanya nini umeme ukirudi baada ya kukatika au baada ya LUKU kuisha: zipo swichi ambazo huwasha kila taa, na utaamshwa saa tisa ya usiku nyumba nzima ikiwaka. Iwekwe ibaki imezima, isipokuwa ya nje ukitaka.

Wakati wa masika radi hupiga sana upande wa mlimani, na vifaa hivi ni vyepesi kuungua, hivyo uliza gharama ya kifaa cha kukinga vifaa dhidi ya umeme unaopanda ghafla, kinachofungwa kwenye mein swichi. Bonyeza kitufe cha majaribio cha ELCB kila mwezi uone kama inakata. Mwonyeshe kila anayelima kandokando ya nyumba mahali fimbo ya ardhi ilipo. Piga picha za nyaya kabla boksi halijafungwa, tunza swichi za zamani kwenye mfuko mmoja, nunua moja ya ziada. Anza na chumba kimoja, ukae nacho wiki mbili. Usifunge mvua ikinyesha, usifunge usiku kwa mwanga wa simu, wala usimharakishe fundi kwa sababu wageni wanakuja jioni.