Beringi za mota ya msumeno wa zamani: usidanganywe na puli inayoteleza

Ukienda kununua msumeno wa meza uliotumika miaka mingi, muuzaji ataishika puli ya mota, ataizungusha kwa nguvu, kisha ataiachia. Itazunguka muda mrefu, kimya, naye atakutazama usoni. Mimi niliuamini mzunguko huo hapa Ndeeba, Kampala, nikatoa pesa. Wiki ya tatu, katikati ya ubao wa mvule, mota ikanguruma na kukwama. Grisi ya beringi, zile pete za gololi zinazobeba shafti, ilikuwa imekwisha, gololi zimelika, rota (sehemu ya ndani inayozunguka) imeshuka hadi ikasugua chuma cha ndani na kuchuna waya. Badala ya kununua beringi mbili, nililipia mota nzima kufungwa waya upya. Bado inaniuma.

Beringi nzima yenye grisi ya kutosha, hasa yenye vifuniko vya mpira, huwa na uzito kidogo mkononi na husimama mapema. Inayoteleza bila kuchoka huenda imekauka.

Chomoa waya ukutani, vua mkanda. Usiache kuuvua, kwa sababu shafti ya msumeno ina beringi zake na utalaumu mota bure. Sasa zungusha puli kwa vidole viwili, polepole sana. Ukihisi kama kuna mchanga ndani, njia ya gololi imechimbika. Ikikwama kidogo kidogo kwa nafasi zinazolingana, mashine ilikaa sana mahali pamoja na gololi zikaacha alama. Ikiwa nzito lakini laini pande zote, huenda ni grisi iliyoganda tu. Hiyo nainunua bila hofu.

Tikisa puli juu na chini. Ikigonga, hata kidogo, beringi imelika au inacheza ndani ya kiti chake. Kusogea kidogo kwenda ndani na nje ni jambo la kawaida, usiikatae mota kwa hilo.

Kisha washa, mkanda ukiwa bado nje. Weka ncha ya bisibisi ndefu kwenye kifuniko cha mwisho cha mota, mbali na puli na feni, na mpini uuguse mfupa ulio mbele ya sikio. Sikiliza pande zote mbili. Upande wa puli ndio mara nyingi hufa kwanza, kwa kuwa mkanda unauvuta siku nzima. Mvumo laini ni mzuri. Mkwaruzo au mluzi ni ugonjwa.

Halafu zima stima huku ukisikiliza. Hapa ndipo ninapojifunza mengi kuliko popote. Mvumo unaokatika papo hapo ulikuwa wa stima. Kelele inayoendelea na kushuka pamoja na mzunguko ni ya beringi. Mota nyingi za laini moja, yaani za stima ya kawaida ya nyumbani, hutoa mlio mmoja wa "tak" zikikaribia kusimama: ni swichi ya ndani inarudi mahali pake, usiogope.

Muuzaji akikuruhusu, iache itembee dakika 20, uizime, kisha uguse vifuniko. Mota nzima kuwa na joto si kosa. Upande mmoja kuwa moto kuliko mwili wa mota ni kosa.

Mota chache za zamani hazina gololi, zina bushi, yaani bomba fupi la chuma ambamo shafti huzunguka, na vikombe vidogo vya mafuta. Hizo zinataka mafuta mepesi; grisi itaziua.

Ukibadilisha, badilisha zote mbili, na uende dukani na zile kuukuu mkononi. Namba imechorwa pembeni: 6204, kwa mfano, ina tundu la milimita 20, upana wa nje 47, unene 14. Pima mwenyewe. Kwa vumbi letu la mbao chagua zenye 2RS, yaani mpira pande zote mbili. Ukiingiza kwenye shafti, gonga pete ya ndani peke yake kwa kipande cha bomba. Ukigonga ya nje, umeharibu beringi mpya kabla haijafanya kazi hata saa moja.