SOMO: Kuotesha miwa ya chupa (miche inayokuzwa ndani ya chupa maabara) kutoka jani changa (soma lote ndo uulize)

Ndugu zangu, naulizwa hili kila wiki, sasa naliweka hapa, ukiniuliza tena nakurudisha hapa hapa.

1. Kata kilele cha muwa mzima usio na ugonjwa, menya majani ya nje ubaki na ule msokoto mweupe wa ndani.

2. Futa na spiriti ya asilimia 70, loweka kwenye jiki iliyozimuliwa, suuza mara tatu na maji ya otoklevu (chungu cha mvuke wa presha kinachoua vijidudu).

3. Kata vipande vyembamba, weka kwenye midia (chakula cha mmea) ya MS, yaani ile ya Murashige na Skoog: sukari gramu 30 kwa lita, agari ya kugandisha, pH (kipimo cha uchachu) 5.8, 2,4-D (homoni ya kuotesha kalusi) miligramu 3 kwa lita. Otoklevu nyuzi 121, dakika 15 mpaka 20.

4. Weka gizani, nyuzi 25 mpaka 28, badilisha midia kila wiki 2 au 3.

5. HAPA NDO WENGI WANAHARIBU. Kalusi (lile donge la seli linaloota kwenye kipande) ikishaota usihamishe kila kitu kisa kimekuwa kikubwa. Angalia kwa karibu, kuna ile nyeupe inayoelekea njano, kavu, ina vinundu vigumu, hiyo ndo itatoa majani, na kuna ile laini inayong'aa kama ute wa yai, hiyo inanenepa haraka na inakudanganya, itupe. Halafu usiikalishe kwenye 2,4-D miezi na miezi eti unaongeza wingi, inapoteza uwezo wa kuchipua, na ikichipua unapata miche myeupe au miwa isiyofanana na mama yake, mkulima utamwambia nini?

6. Hamishia midia isiyo na 2,4-D, mwanga masaa 16. Machipukizi yakirefuka peleka kwenye midia yenye NAA (homoni ya mizizi) yaote mizizi.

7. Osha agari yote, panda kitaluni, funika nailoni, fungua kidogo kidogo.

MASWALI

Mdau: Mkuu gizani nyuzi ngapi?
— Namba 4.

Mdau: Sina kabineti ya hewa safi, nifanyie jikoni tu si sawa?
— Hapana. Fangasi watamaliza chupa zote, usipoteze hela yako.

Dada wa Pangani: Kaka, vipande vyangu vinakuwa kahawia na midia inakuwa nyeusi pembeni, nakosea wapi?
— Swali zuri sana dada. Muwa ukikatwa unatoa fenoli (kemikali za mmea zinazogeuka kahawia), ndo zinaunguza kipande. Tumia wembe mpya, loweka vipande kwenye vitamini C kabla ya kupanda, na siku za mwanzo vihamishe mapema, usisubiri wiki 2. Hata ukisogeza tu sehemu nyingine ya chupa hiyo hiyo inasaidia.

Mdau: Hii inaondoa virusi?
— Usiitegemee kwa hilo. Kwa virusi unachukua ncha ya chipukizi, ile ndogo kabisa, halafu unapima miche.

Mzee wa Bagamoyo: Kitaluni natumia vumbi la makumbi, miche inaungua ncha.
— Shikamoo mzee. Makumbi yaliyofukiwa ufukweni yana chumvi, loweka kwa maji baridi (yasiyo ya bahari), mwaga, rudia mpaka ukionja maji hayana chumvi.